Kinanda kwa Bega Moja

Kandambili yangu ya kulia ndiyo iliyojua kabla yangu. Nilitoka msikitini baada ya sala ya alasiri, nikatembea hadi nyumbani kwetu hapa Bwiza nikisalimiana na watu njiani, na nilipofika mlangoni mke wangu Mariamu akaniangalia miguuni.

"Baba Zainabu, kiatu ya pili iko wapi?"

Nikatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa na kandambili. Wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi hadi kifundoni. Tulirudi tukaikuta katikati ya barabara, mbele ya gereji ndogo, na fundi mmoja alikuwa ameegemea ukuta akicheka.

"Mze, nilikuita mpaka nikachoka! Ulipita kama waziri!"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote. Mtu akipoteza kiatu na mguu usimwambie, hilo si jambo la kuchekwa, lakini wakati huo sikujua, au tuseme sikutaka kujua.

Naandika haya nikiwa nimekaa barazani, mguu nimeuweka juu ya kigoda, chai ya tangawizi iko pembeni. Mabaya yamepita. Kila nikienda kwenye mazoezi yangu hospitalini namkuta mtu mpya ameegemea ukuta wa ushoroba wa kungojea daktari, anashindwa kukaa na anaona aibu kulala, na macho yake yanauliza swali ambalo mimi niliuliza: je, nitatembea tena kama mtu? Siwezi kuongea na kila mmoja. Kwa hiyo nimeona niandike. Mambo ya mishipa na mifupa watakuelezeni madaktari. Mimi nitaeleza yaliyonipata.

Mimi ni mpiga kinanda. Nilisoma sekondari, nikamaliza, baba yangu akatarajia niwe karani, nami nikaenda kupiga muziki kwenye harusi. Mjini hapa wananiita Papa Klavye, yaani Baba Kinanda. Nimepiga kwenye hoteli, kwenye baa na kwenye kumbi za kila mtaa, na bendi yetu imezeeka pamoja nami. Kiongozi wetu ni Dezire, mpiga gita, mtu mpole. Mpiga ngoma ni Isa, mdogo wangu kwa umri, mwenye mdomo usiopumzika.

Kinanda changu si hivi vya siku hizi vya plastiki ambavyo kijana anavitia mgongoni kama begi la shule. Ni kirefu, meno yake, yale ya kubonyeza kwa vidole, ni ya mbao, mazito kama ya piano ya kweli. Nilikinunua wakati hoteli moja ilipofungwa, na seremala wa mtaani kwetu akanitengenezea sanduku la mbao lenye pembe za chuma. Isa alipoliona mara ya kwanza alisema, "Sasa tumepata jeneza. Imebaki maiti." Jina likabaki hilo. Nikipita nalo begani, wanawake wa sokoni walikuwa wananitania.

"Papa Klavye, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi mbona unabeba jeneza peke yako? Marehemu hakuwa na ndugu?"

Walikuwa wanacheka, nami nilikuwa nachukulia kama sifa. Nilikuwa najivunia kulibeba peke yangu. Kwenye bendi niliweka sheria tangu ujana wetu: mpigaji ndiye mbebaji. Kila mtu na chombo chake. Sheria hii ilikuwa na sababu. Kuna wakati tulikuwa na mwimbaji aliyekuja mikono mitupu na kuondoka mikono mitupu, huku sisi tukitoka jasho, na nikachoka. Lakini sheria ilinikolea kichwani mpaka ikawa dini. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa sanduku langu. Mariamu mwenyewe, aliyezaa nami watoto, sikumwacha ashike hata kamba yake.

Isa alikuwa na mzigo mbaya kuliko wote, kwa sababu ngoma si kitu kimoja. Siku moja, tulipokuwa bado na nguvu, aliniomba nimshikie ile ngoma kubwa tu, kiuno kilikuwa kinamuuma. Nilimjibu mbele ya watu: "Kama ngoma zinakushinda, nunua filimbi." Watu walicheka. Isa, ambaye ana jibu kwa kila kitu, aliinama akakaza kamba ya mzigo. Alizichukua ngoma zake kwa safari mbilimbili, na sikugeuka kumwangalia.

Zamani teksi zilitusaidia. Sanduku lililala juu ya paa, limefungwa kamba, nami nilikuwa nalibeba kutoka mlangoni hadi kwenye gari tu. Halafu esansi, yaani petroli, ikawa shida. Wanaoishi hapa hawahitaji kuelezwa: magari yamelala kwenye foleni ya kituo, dereva amelala ndani ya gari, mkewe anamletea chakula pale pale. Harusi hazikungoja esansi. Watu waliendelea kuoana, wakatuita, tukaenda kwa miguu. Dezire alitaka tukodi mkokoteni. Nilikataa, nikasema mtikisiko utalegeza meno ya kinanda. Yeye alifunga gita mgongoni, Isa akaziweka ngoma zake kwenye mkokoteni huo niliokuwa nimeukataa, nami nikaliweka sanduku begani. Bwiza hadi Ngagara. Bwiza hadi Kanyosha, kule kusini, jua likiwa la kuchoma. Bega la kulia lilikuwa na sugu kama kisigino.

Mvua zilipoanza, kiuno kikaanza. Kwanza yalikuwa maumivu ya kawaida ya wazee. Baadaye yakashuka takoni, yakaingia pajani kwa nyuma, yakafika mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, kama waya uliotiwa moto. Nilikuwa najifunga kitenge cha Mariamu kiunoni, kwa nguvu, jinsi wanawake wanavyofungwa wakishajifungua, halafu navaa koti juu yake mtu asione. Kabla ya kila harusi nilipita kwenye duka la dawa nikachomwa sindano ya kutuliza. Nilipiga nikitabasamu. Nikirudi nyumbani nilipanda kitandani kwa magoti, kama mtoto anayejifunza.

Mariamu alikuwa anaona. Alisema, "Twende hospitali." Nikasema, "Mvua ipite kwanza." Mvua ikapita, kikaja kile kipindi kifupi cha jua baada ya mwaka mpya, na kweli, siku moja niliamka maumivu yamepungua. Siku ya pili yake yakapungua zaidi. Ule moto wa mguuni ulizimika. Nilifurahi mno nikamwambia Mariamu achinje kuku apike pilau, na nikamwita Isa na Dezire tule.

Tafadhali soma hapa mara mbili, wewe unayeegemea ukuta. Maumivu yalikuwa yameondoka kwa sababu mguu ulikuwa unaondoka. Mahali palipokuwa na moto paliingia ganzi. Ndiyo maana kandambili ilidondoka nisijue. Mimi nilikula pilau kwa shukrani, na mguu wangu ulikuwa unaniaga chini ya meza.

Harusi iliyonifichua ilikuwa Ngagara, mchana, kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa. Wenye shughuli walitaka bibi harusi aingie kwa wimbo wa polepole, kinanda peke yake, Isa akigusa ngoma kwa mbali. Kwa wimbo kama huo mpiga kinanda anatumia pedali, kile kidude cha kukanyaga kwa mguu wa kulia. Ukikikanyaga, sauti inaendelea hata ukiinua vidole. Ukiachia, inakatika. Kazi yote iko kwenye kuachia. Usipoachia, sauti ya mwanzo inapanda juu ya ya pili, ya pili juu ya ya tatu, mpaka inakuwa kama msiba ambao kila mtu analia kwa wakati wake.

Bibi harusi aliingia. Nilikanyaga. Nikaachia, hivyo ndivyo nilivyodhani, nikakanyaga tena. Nikasikia ukumbi unajaa uji wa sauti. Nilifikiri ni spika. Nikamwangalia Dezire kwa hasira, naye alikuwa ananiangalia mguuni. Nyuma yangu nikasikia Isa, kwa sauti ya chini:

"Mze, toa mguu."

"Nimetoa."

"Apana, mze. Ujatoa. Angalia."

Niliangalia. Kiatu changu kilikuwa kimelala juu ya pedali kama samaki juu ya ubao. Niliuamuru mguu uinuke. Kichwa kilituma amri, nayo haikupokewa. Niliuamuru tena. Bibi harusi alikuwa katikati ya ukumbi, watu wanapiga vigelegele, hakuna aliyejua, na mimi nilikuwa natazama mguu wangu kama mtu anayetazama mguu wa jirani.

Dezire aliinama akachomoa waya wa pedali. Nilimaliza wimbo kwa sauti kavu, nikiwa nimeloa jasho. Watu wakapiga makofi. Nilipojaribu kusimama, kiuno kikakataa kabisa, nikaanguka juu ya sanduku langu.

Walinibeba kwenye kiti cha plastiki, kile cheupe cha sherehe. Isa alishika upande mmoja, Dezire wa pili, na wajomba wawili wa bibi harusi, watu nisiowajua hata majina, wakashika miguu ya kiti. Barabarani hakukuwa na teksi. Baba wa bwana harusi alikuwa na kamioneti, gari dogo la mizigo, iliyoleta kreti za soda, yenye tone la esansi alilokuwa amelitunza kwa ajili ya kuwarudisha maharusi. Akasema, "Maharusi ni vijana, watatembea. Mpakieni mzee." Nikalazwa kati ya chupa tupu zilizokuwa zinalia njia nzima. Mahali popote alipo baba yule, Mungu amzidishie.

Sasa niwaambie kuhusu ushoroba. Kwenye hospitali waliyonifikisha kuna benchi refu la mbao. Kwa mgonjwa wa kiuno benchi ni adui: huwezi kukaa, na mwenye zamu ni yule aliyekaa. Nilisimama nimeegemea ukuta kwa mguu mmoja kama korongo, Mariamu akinishikilia kwa mkanda wa suruali. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi. Mwanamke mmoja, mkulima wa Kanyosha aliyekuja na mama yake mgonjwa, alifungua kitenge chake akakitandika sakafuni chini ya benchi.

"Lala apa, mzee."

"Na watu wananiona, mama?"

"Sakafu aina aibu. Mi nitakulindia nafasi."

Nililala. Nilipolala nilipata pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na nikalia kidogo, uso nimeuelekeza ukutani. Watu walipita juu ya miguu yangu kwa adabu. Kila aliyetaka kuingia, yule mama alimwambia, "Bado, kuna mzee mbele, uyu apa chini." Ukienda huko, chukua mkeka. Usione haya. Wote waliosimama wanatamani kulala na wanasubiri mmoja aanze.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Baada ya skana alinigonga magoti, akaniambia niinue mguu wa kushoto, nikainua. Akaniambia niinue wa kulia kwa kukunja kifundo, vidole vije juu. Vidole havikuja. Akasema kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili ili Mariamu aelewe, kwamba nilichelewa. Mguu unaweza kurudi, unaweza usirudi. Tutatibu, tutafanya mazoezi mpaka mwisho wa kiangazi. Usiporudi, ni kupasuliwa, na kwa umri wangu hatoi ahadi.

"Na pedali?" nikauliza.

"Pedali ya baisikeli?"

"Ya kinanda, dokta."

Akanitazama, akaandika kitu. "Kwanza tuone kama utapanda ngazi."

Mvua kubwa zilinikuta nimelala kwenye godoro sakafuni, sebuleni. Nilisikia mitaro ya Bwiza inavyojaa na watu wanavyovuka wakishikana mikono. Mariamu aliacha kwenda kuuza vitenge vyake asubuhi. Alikuwa anafungua meza yake mchana tu, nikishakula na kuoshwa. Ndiyo, kuoshwa. Mwanamume mzima, Papa Klavye, anashikwa kwapani apelekwe chooni. Sikulipokea vizuri. Nilikuwa mkali. Maji ya moto, nilisema ya moto. Maji ya baridi, nilisema ya baridi. Binti yetu Zainabu, anayeishi Ngagara, alitaka anichukue kwake ambako nyumba haina ngazi na mama yake angepumzika. Nilimwambia mimi si mzigo wa kuhamishwa. Alilia, akaondoka bila kunywa chai.

Jioni hiyo Mariamu alimaliza kwanza kuswali. Halafu akaja akaketi sakafuni karibu na kichwa changu.

"Baba Zainabu, nisikilize. Miaka yote ulibeba lile sanduku, ukunipa ata kushika kamba. Nilinyamaza. Sasa we mwenyewe ndiyo sanduku. Basi na we nyamaza, ubebwe."

 Kesho yake nilimwomba ampigie simu Zainabu, nikamwambia binti yangu nimekosa. Sikuhamia kwake, lakini tangu hapo alikuwa anakuja kumpokea mama yake, na Mariamu alianza kulala mchana. Nilijifunza kusema asante. Mdomo wangu haukuzoea neno hilo, lilitoka kama mtu anayeongea Kirundi cha shuleni.

Isa alikuja kuniona siku za mwanzo, akiwa ameficha mkono mmoja nyuma.

"Mze, nimekuletea dawa."

Akatoa filimbi. Filimbi ya plastiki, nyekundu, ya kuchezea watoto.

"Kama kinanda imekushinda," akasema.

Mariamu hakuelewa kwa nini mimi nilianza kucheka mpaka kiuno kikanibana, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Nilimshika Isa mkono, nikamwambia nisamehe, ile siku nilikuaibisha, ulikuwa unaumwa kweli.

"Ile siku gani?" akasema. Alikuwa anaangalia dirishani. "Mi nilishasaau, mze. Ngoma kubwa ndiyo aijasaau. Ukipona utaiomba radhi yenyewe."

Kiangazi kilipoingia nilianza kwenda kwa Mama Odeta. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye sisi huku tunamwita kine. Ana mikono mikubwa na hana haraka. Nilipovua suruali mbele yake siku ya kwanza niliona kwa mara ya kwanza, kwenye mwanga mzuri, mguu wangu ulivyokuwa. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa limenywea, ngozi inaning'inia kama soksi isiyo na mpira. Wa kushoto ulikuwa bado mguu wa mtu. Ilikuwa kama ndugu wawili ambao mmoja alikwenda ukimbizini akarudi.

Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo hadi inatia hasira. Kaa. Weka kisigino chini. Inua vidole. Vidole haviinuki. Inua. Haviinuki. "Vizuri," anasema. Vizuri nini? "Nimeona umejaribu." Nyumbani alitaka nifanye hivyo asubuhi, mchana na jioni, na nilikuwa nachoka kwa upweke wa kazi ile, kukaa nikiamuru mguu usiosikia.

Isa ndiye aliyenitoa hapo. Alikuja akanikuta nimekasirika, akageuza bidoni, lile dumu letu la maji, akaipiga kwa viganja. Mdundo wa polepole, ule wa bibi harusi.

"Kanyaga kwa *du*, achia kwa *ka*. Du, ka. Du, ka. Mze, umechelewa. Iyo bendi gani?"

"Mguu haunyanyuki, Isa."

"Mi sijauliza kama unanyanyuka. Nimesema umechelewa."

Akaja tena, na tena. Alikuwa anatembea kutoka kwake na bidoni aliikuta kwetu. Majirani walianza kusimama dirishani. Watoto wa jirani walijua wimbo. Mimi niliinua goti badala ya mguu, nikainua bega, nikakunja uso, kila kitu kiliinuka isipokuwa vile vidole. Lakini sikuwa tena peke yangu na mguu wangu.

Mariamu ndiye aliyeona. Alikuwa anachambua dagaa, ndagala wa ziwani, kwenye ungo, akaacha.

"Isa, rudia."

Isa akarudia. Du, ka.

"Kidole gumba kimeinuka," akasema Mariamu.

"Apana, ni nzi," akasema Isa.

"Nzi gani? Rudia!"

Kiliinuka. Kidogo, kama mtu anayeinua nyusi. Mariamu alipiga kigelegele kimoja tu, kirefu, na mwanamke wa nyumba ya pili akaitikia bila kujua sababu. Jioni tulikula wale dagaa na ugali, nami sikuomba kuku. Nilikuwa nimejifunza kutosherehekea mapema.

Mwishoni mwa kiangazi daktari alinigonga magoti tena, akaniambia niinue. Niliinua mguu nusu ya njia, ukatetemeka, ukashuka. Akaitikia kwa kichwa. Hakutakuwa na kisu. Nitatembea, kwa mkongojo mwanzoni, nikichechemea baadaye. Akaniambia pia kwamba kuanzia siku hiyo hadi kufa kwangu nisibebe kitu kizito kuliko birika la chai. Nikamwambia nimesikia. Akamgeukia Mariamu: "Mama, amesikia?" Mariamu akasema, "Mi nimesikia. Inatosha."

Sasa pedali. Mguu wangu uliorudi ulirudi mvivu. Uliinuka, lakini ulikuwa unafikiri kwanza. Kwenye wimbo wa polepole kabisa ulifika kwa kuchelewa, kwenye mwingine wowote haukufika. Nilikaa mbele ya kinanda nyumbani, nikajaribu, uji ule ule. Nilifunga kifuniko. Nilisema basi, Mungu amenipa kutembea, nisiwe na tamaa. Na nilikuwa nasema kweli, lakini mkono niliuacha juu ya kifuniko.

Mariamu alikuwa anakunja vitenge.

"Na wa kushoto kazi yake nini?" akauliza.

"Wa kushoto?"

"Mguu wa kushoto. Umekaa tu apo kama mgeni."

Maisha yangu yote kinanda nimekipiga kwa mguu wa kulia. Niliisogeza pedali upande wa pili. Mwanzoni nilijiona kama mtu anayeingia msikitini kwa mguu wa kushoto. Kila kitu ndani yangu kilisema siyo. Mikono ilichanganyikiwa. Lakini mguu ule ulikuwa mzima, haukuwa na kiburi, na kufikia mvua za kwanza ulikuwa umejifunza kuachia. Siwezi kusema napiga kama zamani. Kuna nyimbo nimeziacha. Zile zilizobaki nazipiga nikisikiliza zaidi, na Dezire anasema zimekuwa nzuri kuliko kwanza, ingawa Dezire ni mtu mpole.

Harusi ya kwanza waliyonipeleka haikuwa mbali, ni hapa hapa, mitaa michache kutoka kwangu, mchana baada ya sala. Nilikuwa nimemwambia Dezire atafute kinanda chepesi cha kuazima. Isa akakataa. "Jeneza litatoka," akasema. Wakaja wote wawili. Manyunyu yalikuwa yameanza, kwa hiyo Mariamu akachukua kitambaa chake cha kijani akalifunika sanduku vizuri, akachomeka pembe zake. Isa akaliinua mbele, Dezire nyuma, wakaliweka begani.

"Mpigaji ndiye mbebaji," nikasema, kwa sababu nilitaka kulisema mwenyewe kabla ya Isa.

"We beba pedali, mze," akasema Isa. "Usije ukasema tumekunyima kazi."

Nikabeba pedali. Niliitia kwenye mfuko wa koti, waya wake ukaning'inia, nikawafuata nyuma na mkongojo wangu. Mkono mmoja ulikuwa hauna kazi na sikujua niuweke wapi.

Tulipokunja kona ya msikiti, watu walikuwa wanatoka. Waliona kitu kirefu, kimefunikwa kitambaa cha kijani, kiko mabegani, na mzee anachechemea nyuma ameinamisha kichwa kwa ajili ya mvua. Kwetu jeneza likipita haliachwi lipite hivi hivi. Kila mwanamume anataka kuweka bega hatua chache, apate thawabu zake. Kijana mmoja aliweka kofia yake sawa akaingia chini, akampokea Dezire. Mwingine akampokea Isa. Kabla sijafungua mdomo walikuwa wengi, wanapokezana, bega kwa bega, kimya kimya, na sanduku langu likawa linakwenda mbio kama lisilo na uzito. Yule fundi wa gereji, aliyecheka siku ile ya kandambili, aliacha spana yake akaja akakimbia kando.

"Inna lillahi. Nani kafa?" akamwuliza Isa.

Isa alikuwa ameshika kiuno kwa kicheko. "Akuna! Ni klavye ya mze! Mwenyewe uyu apa, anatembea!"

Fundi akageuka akaniona. Wengine nao wakasimama, sanduku bado liko juu yao, wakatazamana. Nilifikiri wataliweka chini kwa hasira. Mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka chini ya sanduku mpaka likawa linatikisika, meno yangu yote ya mbao ndani yake.

"Basi," akasema fundi, akaingiza bega lake chini, "mi nimeshafika. Ukumbi uko wapi?"

Nikanyoosha mkongojo kuwaonyesha.